Arubaini ya Geneva

Tajiri Bi Tamima alicheka mpaka soda ikampalia, aliposikia kwamba Mwanakheri, mkandaji wa wazazi pale mtaani, alikuwa akitafuta njia nafuu ya kwenda kutembea Geneva.

"Wewe na Geneva wapi na wapi? Kule kikombe cha chai ni bei ya kuku mzima! Mwendaji ni mimi, wiki ijayo. Binti yangu Shemsa kajifungua huko."

"Hongera, bibi. Basi utamkanda maji ya moto asubuhi na jioni, utampikia uji wa pilipili manga, utafua nepi, wala hutatoka nje mpaka arubaini iishe."

Bi Tamima alizitazama kucha zake zenye hina mpya. "Na maduka?"

"Utayaona kupitia dirishani."

"Mwanakheri, shoga yangu, nenda wewe. Tiketi, viza, koti, vyote juu yangu."

"Mie? Na baridi ile?"

"Nakuomba!"

Mwanakheri akashusha pumzi kama anayepelekwa jela. "Haya, kwa ajili yako."

"Lakini pasipoti itachelewa!"

Mwanakheri akafungua mkoba, akaiweka pasipoti mezani. Bi Tamima akaduwaa.

"Umeitengeneza lini?"

"Wiki ile uliyonitangazia kuwa Shemsa ameanza kutapika."