Zimwi Aliyemnenepesha Chura

Sogeeni! Ngano hii naijua mimi peke yangu, na mbishi aondoke na kigoda chake!

Hapo kale Chura Mwekundu alimbeba mgongoni mwanawe, kiluwiluwi mchanga, akimpeleka kwenye maji yaliyotuama kati ya majani, juu mtini. Akichelewa, mtoto atakauka. Mara Zimwi huyo, kamdaka mguu!

"Nawameza wote wawili!"

"Bwana mkubwa, mifupa mitupu hii? Ninenepeshe kwanza. Mimi hunenepa kwa sisimizi."

Zimwi akachimbua konzi ya sisimizi. Chura akala, rangi ikakolea. Konzi ya pili, akang'aa. Konzi ya tatu, akawaka kama kaa la moto, na mtoto mgongoni keshaanza kunyauka!

"Nimeiva, bwana."

Zimwi akamlamba. Lo! Sumu ya sisimizi wote ilikuwa imehamia ngozini! Ulimi ukavimba kama godoro, ukamwangusha chali.

Chura akaparamia mti, akamtumbukiza mwanawe majini. Mkia ukatikisika! Mkewe, Mama Chura, akaja, akamtagia mtoto yai la kula.

"Chura," Zimwi akagugumiza, "maji kidogo!"

"Haya ya mtoto, bwana mkubwa. Kalambe umande!"

Yangu nimeitua, mwenye ulimi auchunge.