Sinia la Mafiga Matatu

Hapo zamani, na msifikiri ni zamani ya mbali, maana simu zilikuwa zimeshafika na umeme ulikuwa ukikatika kama unavyokatika leo, palikuwa na wanawake watatu katika mji wa Kichangani waliokuwa wakipika karamu za watu. Kikundi chao kiliitwa Mafiga Matatu. Bi Shani alikuwa mwenyekiti na mwenye pilau. Bi Mgeni alikuwa mwenye vitamutamu, na tena alikuwa kungwi, ndiye aliyewafunda maharusi wa mji mzima. Mwanakombo, mdogo wao, alikuwa mwenye michuzi, na asubuhi alikuwa karani wa shule.

Mafiga Matatu walikuwa na tovuti. Walijengewa na kijana mmoja, Fundi Badi, na Badi aliijenga kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kubadilisha hata herufi moja ila yeye. Ukitaka kuongeza picha ya sambusa, umwite Badi. Ukitaka kuondoa futari maana Ramadhani imekwisha, umwite Badi. Na Badi ukimwita, yuko njiani anakuja. Mwaka mmoja walibadilisha namba ya simu, na ile ya zamani ikabaki kwenye tovuti kutoka Idi hii hadi Idi ile, nayo imeshachukuliwa na muuza mkaa. Watu wakipiga kuagiza biriani, muuza mkaa anawauliza wanataka magunia mangapi.

Basi Badi akaoa. Mafiga Matatu wakaacha shughuli zote wampikie harusi, na yeye mwenyewe, kabla hajavaa kanzu, akaandika ukurasa wa mbele wa tovuti kwa herufi nyekundu: JIKO LIMEFUNGWA. Harusi ikafana, ikaliwa, ikasifiwa. Badi akaingia fungate na mkewe, siku saba mlango umefungwa, haonwi na mtu ila kungwi anayewapelekea chakula. Na tovuti nayo ikabaki vile vile: JIKO LIMEFUNGWA.

Katikati ya fungate hiyo, kamati ya Maulidi ikatangaza kwamba inatafuta wapishi. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Hatibu, mstaafu wa posta. Mwaka uliotangulia kila mjumbe alikuwa amemleta shemeji yake apike, na wali ukaliwa mbichi. Mzee Hatibu akaapa.

"Mwaka huu sitaki maneno ya mtu mlangoni kwangu," akasema. "Ijumaa baada ya sala nitafungua tovuti za wapishi mbele ya watu wote. Nitakachokiona humo ndicho nitakachokifuata."

Bi Shani akamwendea hivyo hivyo. Mzee Hatibu akamjibu kutoka dirishani, mlango hakumfungulia. "Bi Shani, nimeshaona. Jiko lenu limefungwa. Pumzikeni salama."

Bi Shani akarudi nyumbani akalia. Mama yake ndiye aliyepika Maulidi ya mji ule mpaka alipofariki, na sinia la shaba la kamati, ambalo hukaa nyumbani kwa mpishi mwaka mzima, lilikuwa ukutani kwao utoto wake wote. Sasa litakwenda kwa Jiko la Tumbe, wapishi wanaotia sukari kwenye pilau. Liliniuma hata mimi, na mimi si mtu wa Bi Shani.

Mwanakombo akasema, "Dada, usilie. Shuleni kwetu kuna mfumo wa kuendesha tovuti. Kila mwalimu ana ufunguo wake, anaandika habari za darasa lake kwa Kiswahili chake, kwa simu yake. Mkuu anasoma, akiridhika anabonyeza Chapisha. Hakuna anayemwita fundi. Na ukikosea, mfumo umehifadhi ukurasa wa jana na wa juzi, unaurudisha kama ulivyokuwa. Hata sisi tunao, kwa kampuni inayotutunzia tovuti yetu. Umekaa tu haujafunguliwa. Kinachotakiwa ni neno la siri la Badi."

Wote wawili wakageuka wakamtazama Bi Mgeni.

"Hapana," akasema Bi Mgeni. "Mimi kungwi. Kazi ya nje haiingii fungate. Mashangazi wa bibi harusi wakisikia, sitaitwa tena katika nyumba ya watu wenye heshima."

Bi Shani akaendelea kulia tu, na alikuwa hodari wa kulia kama alivyokuwa hodari wa pilau. Bi Mgeni akajifunga kanga yake akaondoka.

Alhamisi akaingia fungate na bakuli la supu ya kuku, akaeleza shida. Badi akainamisha kichwa.

"Bi Mgeni, neno hilo siwezi kulitaja."

"Umelisahau?"

"Sikulisahau. Siwezi kulitaja."

Bi Mgeni akainua bakuli akaanza kurudi nalo mlangoni. Badi akalitaja.

Kufika kwa wenzake, Bi Shani alikuwa ameshavaa miwani na simu iko mkononi. "Nitajie," akasema.

"Shoga, mpe Mwanakombo aandike."

"Mwenyekiti ni nani? Nitajie."

Bi Mgeni akatazama pembeni. "Shanimkorofi. Yote pamoja, herufi ndogo."

Bi Shani akaandika herufi moja moja mpaka mwisho, akabonyeza, na mfumo ukafunguka. Akavua miwani akaifuta. "Tutaonana naye akitoka," akasema.

Siku ile Mwanakombo hakwenda shule. Alishinda akihamisha picha na kupanga kurasa, akampa kila mtu ufunguo wake. Bi Mgeni aandike vitamutamu, yeye aandike michuzi, na kila neno alisome yeye kabla halijatoka. Bi Shani akakataa. "Mwenyekiti haombi ruhusa kwa karani." Basi akapewa ufunguo wa kuchapisha bila kuulizwa. Likumbukeni hilo.

Akaandika ukurasa wa mbele: "JIKO LIKO WAZI. Pilau yetu haina haja ya kusimuliwa. Fungua dirisha, utajua leo tunapika kwa nani. Sukari tunatia kwenye chai." Akachapisha. Ukurasa ambao Badi angeuahidi mwezi mzima ulitoka chai yao haijapoa.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakaingia msikitini, simu zimezimwa. Bi Shani akakaa jikoni amwandikie dada yake aliyeolewa Pemba. Alidhani amefungua ujumbe wa dada yake, kumbe simu ilikuwa bado kwenye tovuti. Akaandika kwa raha zake: "Dada, huyu Hatibu anajifanya mwadilifu, na mwaka juzi nilimwona kwa macho yangu akifunga minofu ya Maulidi kwenye leso akaitia mfukoni." Akabonyeza Chapisha. Dada yake hakupata kitu. Minofu ikakaa ukurasa wa mbele, chini ya jina la Mafiga Matatu.

Alipoona alichofanya, akampigia Mwanakombo. Mwanakombo alikuwa mbele ya mwalimu mkuu akipewa onyo kwa kutofika kazini, simu imezimwa. Akampigia Bi Mgeni. Bi Mgeni alikuwa fungate, simu ameiacha nje. Simu ikamtoka mkononi ikaangukia kwenye unga, akaiokota, akaipuliza, na hapo akakumbuka ile habari ya ukurasa wa jana. Akatafuta, akaukuta umehifadhiwa, akabonyeza Rudisha. Minofu ikatoweka, pilau ikarudi. Msikitini hotuba ilikuwa bado inaendelea, maana imamu wa siku ile hakuwa mtu wa kufupisha.

Watu wakatoka. Mzee Hatibu akasimama palipo na viatu, akawasha simu, akasoma kwa sauti mbele ya wote. Alipofika kwenye sukari ya chai, hata watu wa Tumbe walicheka. Ikapita, Mafiga Matatu wakapewa kazi.

Maulidi yakapikwa, yakaliwa, nami nilikula. Kesho yake Mzee Hatibu akaleta sinia la shaba. "Liingie nyumba ya nani?" akauliza.

Mwanakombo akasema, "Yangu. Bila mfumo nilioujua mimi, mngekuwa mnamngoja Badi hadi leo. Na onyo liko kwenye faili langu, si lenu."

Bi Mgeni akasema, "Yangu. Mfumo bila ufunguo ni mlango uliofungwa. Mimi niliyeuleta ufunguo nimevunja miiko yangu. Mashangazi wamejua, na nyumba mbili zimeshaita kungwi mwingine. Wewe una onyo. Mimi sina jina."

Bi Shani akasema, "Yangu. Mfumo haukuandika pilau, wala ufunguo haukuandika pilau. Kilichosomwa pale msikitini ni maneno yangu."

"Na minofu ilikuwa maneno ya nani?" akauliza Mwanakombo.

"Yangu. Na aliyeifuta ni nani?"

"Minofu gani?" akauliza Mzee Hatibu, na wote watatu wakanyamaza pamoja.

Hapo Badi akatokea, ametoka fungate, amenenepa. "Jamani, tovuti yenyewe si niliijenga mimi?"

Bi Shani akamtazama. "Wewe kaa kimya. Jina langu unalijua vizuri."

Mzee Hatibu akachoka, akalirudisha sinia kwake. Akasema atalipeleka nyumba ile itakayotajwa kwenye tovuti yao, maana neno la mdomo alishaapa halitaki. Wakapatana, kwa kuogopa hila, kwamba sasa kila mmoja awe na ufunguo wa kuchapisha.

Basi asubuhi tovuti inasema sinia liko kwa Bi Shani. Adhuhuri inasema liko kwa Bi Mgeni. Mwanakombo akitoka kazini, inasema liko kwake. Alfajiri Bi Shani anabonyeza Rudisha. Mfumo umehifadhi kurasa zote, haukupoteza hata moja, lakini kuamua haujui. Na Mzee Hatibu amesema ikifika Ijumaa majina bado yanabadilika, sinia litakwenda Tumbe, kwenye pilau ya sukari.

Leo ni Alhamisi. Ufunguo mmoja nawapa nyinyi mnaonisikiliza. Je, mtaandika jina la nani?