Ndama wa Chilongani

"Ndama wa majani hujaa, hashibi." Shangazi yenu alilisema neno hilo jana kwenye mahafali ya chekechea, pale yule mtoto alipotaja sayari zote bila kuvuta pumzi, kisha akaulizwa jua la leo limechomoza upande gani, akamtazama mama yake. Mlicheka wote, na mimi nilicheka. Sasa mnaniuliza huyo ndama ni wa nani. Kaeni, lakini karanga zimenyeni huku mnasikiliza, maana mnasikia kwa masikio, si kwa mikono. Ndama alikuwa wa Chilongani, na methali ilianzia zizini kwake.

Chilongani alikuwa mfugaji huko Ugogoni, upande wa mbuga za Bahi, enzi hizo shule ni moja tu na iko mwendo wa siku mbili. Mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne. Kwa majirani zake, hiyo ilikuwa sawa na mtu aliyekwenda mbinguni akarudi. Alikuwa na binti mmoja, Nyemo, wa miaka tisa. Shule ile ilikuwa na bweni, na iliwapokea watoto waliofundishwa nyumbani waingie darasa la tatu, ila mwalimu alipita kwanza kuwapima. Aliyetimiza miaka kumi hakupokelewa. Kwa hiyo Nyemo alikuwa na mwaka huo tu, ukipita, umepita.

Nyemo alikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini korongo ni kavu juu, lakini ukichimba mchanga unakuta maji? Kwa nini siafu hawagongani njiani? Mama yake, Mwendwa, akijua alimjibu kwa hadithi, na asipojua walikwenda wote wawili kutazama. Kwa ajili ya siafu peke yao, ugali uliungua mara mbili.

Chilongani akaona huo ni upotevu wa muda.

"Mwanangu," akamwambia, "maswali ni ya mwalimu. Ya kwako ni majibu."

Akalitoa daftari lake la zamani, akaanza kumkaririsha: sehemu kumi na mbili za ng'ombe, mito kumi, milima saba, maana ya mvua, faida nne za mvua. Asubuhi kabla ya kuswaga mbuzi, na jioni baada ya kuwarudisha. Ukikosea, unaanza upya. Hadithi za mama zikapigwa marufuku mpaka mtihani upite. Miezi mitatu baadaye mtoto alikuwa anamwaga maneno kama mtungi uliopasuka. Majirani wakawa wanakuja kumsikiliza, na hawakuja mikono mitupu. Walileta kibuyu cha pombe kwa mwenye mtoto. Chilongani alinenepa kidogo msimu ule. Nyemo hakuuliza tena hata swali moja, na baba yake akaona hayo ndiyo maendeleo.

Mwaka huohuo ng'ombe wao bora alifiwa na ndama, aliyegongwa na nyoka. Ng'ombe akifiwa huzuia maziwa. Dawa yake wafugaji wanaijua: ndama anachunwa, ngozi inakaushwa, inajazwa majani makavu, inashonwa na kupakwa chumvi. Unamweka mbele ya mama yake. Ng'ombe atanusa, atalamba, moyo utalainika, na maziwa yatashuka. Chilongani alimshona ndama yule kwa mikono yake mwenyewe, na alimjaza sawasawa.

Ndama wa ngozi akiwa na miezi mitano, Mwalimu Mihayo, yule wa kuwapima watoto, akafika kwa baiskeli jioni moja. Alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wagogo ni watani, kwa hiyo matusi yalitangulia kabla ya maji ya kunywa.

"Mbukwa, Mgogo! Bado hujahama tu hili jangwa?"

"Karibu, Mnyamwezi. Na mizigo ya watu leo umeitua wapi, mpagazi?"

Mgeni akapewa ugali wa uwele na mlenda, kisha Nyemo akaitwa. Mtoto akamimina yote, ng'ombe, mito, milima, hakuruka neno. Chilongani akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia ngoma ya kwao.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Sasa niambie, Nyemo, hapa kwenu wingu la mvua mnaliona kwanza upande gani?"

Nyemo akafikiri. "Mvua ni matone ya maji yanayodondoka kutoka mawinguni."

"Ndiyo. Upande gani?"

"Faida za mvua ni nne."

"Binti yangu, sikuulizi faida. Wewe hujawahi kuiona ikija?"

Nyemo akautazama mdomo wa baba yake, akausubiri ufunguke. Mwalimu akafunga kitabu chake bila kuandika jina, akaomba mahali pa kulala.

Asubuhi alimkuta Chilongani zizini anakamua, ndama wa ngozi amesimamishwa mbele ya ng'ombe.

"Huyu ndama ana umri gani?"

"Huu mwezi wa tano."

"Mbona hakui?"

"Mnyamwezi, usinichekeshe nikamwaga maziwa. Ni ngozi hii!"

"Lakini ameshiba. Tazama tumbo."

"Hajashiba. Amejaa."

"Na maziwa haya hapa puani kwake, asubuhi na jioni. Kwa nini hanywi?"

"Anyweje, na majani yamemfika kooni?"

Mwalimu akachota maziwa kwa kata, akanywa. "Matamu. Kwa hiyo faida ya ndama huyu anaipata nani?"

"Mkamuaji, nani mwingine?"

"Haya. Na pombe wanayokuletea majirani wakija kumsikiliza Nyemo, huwa anakunywa Nyemo?"

Angekuwa mtu mwingine, fimbo ingeinuliwa. Lakini mtani hapigwi. Chilongani akaendelea kuvuta chuchu, na hazikutoa kitu.

"Umemfelisha," akasema mwishowe.

"Sijaandika chochote. Napita tena baada ya mavuno. Hapo ndipo mwisho, nikirudi mwakani ameshapitiliza umri."

"Sasa nimjaze nini?"

"Mtoe majani, mtani. Njaa itarudi yenyewe."

Haikurudi upesi. Kesho yake Chilongani alimkalisha mtoto akamwambia, "Uliza, uliza chochote." Nyemo akasema, "Niulize nini, baba?" Chilongani akatoka nje.

Mwendwa akazirudisha hadithi zake. Chilongani, ambaye hadithi zilikuwa hazimkai mdomoni, akabeba jembe, akawa anamchukua binti yake kwenda korongoni kuchimba maji ya mbuzi. Walichimba siku nyingi. Siku moja Nyemo aliinama juu ya shimo, akatazama maji yanavyopanda.

"Baba, haya maji yanakaa hapa au yanapita?"

Chilongani akafungua mdomo. Swali hilo halikuwemo kwenye daftari.

"Sijui, mama," akasema.

Wakachomeka kijiti ndani ya shimo wakakiwekea alama, wakawa wanakitazama kila asubuhi. Kutoka hapo hakulala mtu vizuri nyumba ile kwa maswali.

Mwalimu Mihayo aliporudi, aliulizia mito. Nyemo akataja sita, minne ikapotea. Chilongani akashika kichwa. Ila mwalimu alipouliza habari ya maji ya hapo, Nyemo alimshika mkono akamvuta mpaka korongoni, akamwonyesha vijiti vyake, sasa vitatu, kila kimoja na shimo lake.

"Yanapita," akasema. "Kwenye hiki cha juu maji hupungua kwanza. Lakini mwalimu, yakishapita huku chini, yanakwenda wapi?"

Mwalimu alikiweka kitabu gotini palepale na kuandika jina.

"Lakini mito minne imemtoka!" Chilongani akasema.

"Mito nitampa mimi. Huyu sasa ana mdomo wa kunywea."

Jioni jirani mmoja akaja na hasira. Mtoto wake alitaja mito yote kumi na akaachwa. Vipi huyu wa mito sita achukuliwe? Chilongani hakubishana naye. Alimpeleka zizini, akauchukua mkono wake akauweka juu ya ule ubavu wa ngozi. Jirani akapapasa, majani yakalia ndani, naye akautoa mkono taratibu.

"Ndivyo, ndugu yangu," Chilongani akamwambia. "Ndama wa majani hujaa, hashibi."