Mbwa Mwitu Waliokatazwa Kupiga Chafya

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa gani? Mmeitika kama watu waliozibwa midomo. Na nyinyi wazazi mlioegemea ukuta msijifanye wageni, hadithi hii ni yenu pia. Tena, kwa nguvu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, kale hasa, palikuwa na nchi ya mbwa mwitu. Sisemi mbwa wa kubweka mlangoni. Mbwa mwitu! Masikio mapana, miguu mirefu, mwili mabaka mabaka, mweusi hapa, mwekundu pale. Nchi yao ilikuwa mbuga yenye nyasi. Huku mto. Kule korongo kavu. Na ng'ambo ya korongo hakuna maji, hakuna kivuli, hakuna lolote.

Mbwa hawa walikuwa na desturi yao. Kabla ya kutoka kuwinda hukusanyika wote, wakubwa kwa wadogo. Mkubwa wao huuliza, "Twende?" Wakinyamaza, wanakwenda. Lakini mmoja akiwa na neno la kupinga, hagombi, hapigi kelele. Hupiga chafya tu.

Chyaaa!

Basi hakuna anayeinua mguu. Wote huketi chini, puu! Kisha huuliza kwa sauti moja, "Chafya ya nani?" Mwenyewe husimama, "Yangu." Wao, "Ina nini?" Naye hulisema neno lake mpaka liishe.

Siku nyingine chafya ilikuwa na maana kubwa. Bibi mmoja alipiga chafya akasema, mto unanuka matope ya mbali, unakuja kujaa. Wakakaa. Mto ukajaa, ukang'oa miti, mbwa hata mmoja haukumchukua. Siku nyingine chafya ilikuwa ya upuuzi. "Ina nini?" "Ina kwamba mimi sijisikii kwenda." Wakamzomea, wakaenda, wakakuta swala wameshakimbia, wakalala njaa. Walinuna, lakini hakuna aliyeng'atwa kwa ajili ya chafya.

Akaja kutawala mbwa mmoja, jina lake Mkiamweupe. Mbio alikuwa nazo. Sauti alikuwa nayo. Kifua, usiseme! Kasoro yake moja, alikuwa hapendi kuulizwa kitu.

"Twende?" Chyaaa! Akaketi, anasaga meno. Kesho yake, "Twende?" Chyaaa! Akaketi, mkia unapiga chini, pa! pa! pa!

Akaanza pole pole, maana hawa huanza pole pole. Akasema, "Kupiga chafya ruhusa, ila kapigie nyuma ya lile jiwe, usitusumbue." Mbwa wakasema, si neno, jiwe si mbali. Akasema, "Mpiga chafya atakula mwisho." Mbwa wakasema, si neno, mifupa nayo ina utamu wake. Akasema, "Mpiga chafya anatutakia mabaya. Atavuka korongo na asirudi." Hapo sasa walitaka kusema. Watasemaje? Kusema ni kupiga chafya! Wakanyamaza.

Wa kwanza kuvushwa alikuwa kijana mmoja aitwaye Mapengo. Na jamani, Mapengo hata neno hakuwa nalo. Ua la nyasi lilimwingia puani. Chyaaa! Askari wa Mkiamweupe wakamzunguka. "Ni ua!" akalia. "Ni ua la nyasi tu, jamani!" Miongoni mwa askari hao alikuwamo Doa, ndugu yake, tumbo moja. Doa alimsindikiza ndugu yake mpaka ukingoni, akamtazama akishuka, akageuka, akarudi kazini.

Baada ya Mapengo wakavushwa wengine, na wengine. Bado Mkiamweupe hakutulia. Akaanza kukagua pua za watu wake. "Pua yenye maji," alisema, "ni pua inayojiandaa."

Sasa niambieni nyinyi. Mbwa gani ana pua kavu? Wewe hapo nyuma, umewahi kumwona? Hayupo! Lakini nani wa kumwambia Mkiamweupe? Akatoa amri: kila mbwa aende mtoni, achukue udongo mweupe, ajipake puani. Wakaenda. Paka, paka, paka. Udongo ukakauka, pua zikawa ngumu kama magome. Mkiamweupe naye alijipaka, tena mwingi kuliko wote, awe mfano. Kila asubuhi askari hupita wakigusa pua. Kavu? Pita. Mbichi? Korongo.

Nchi ikawa kimya. Mkiamweupe akafurahi sana. "Mnaona?" akasema. "Sasa tunaelewana."

Lakini mbwa bila pua ni mbwa gani? Wakikimbilia swala, swala hayupo. Wakiokota nyama, nyama imeoza, wanatapika. Kuna mama alimlamba mtoto wa jirani siku nzima akidhani ni wake, na wake analia kando. Njaa ikaingia. "Wavivu nyinyi!" akanguruma Mkiamweupe. Wakainamisha vichwa. Mmoja akitaka kusema, mwenzake humkanyaga mguu.

Ikawa Mkiamweupe katika matembezi yake akaona pango. Pango kubwa, lenye kivuli, na jiwe zuri la kusimamia mtawala mlangoni. Akarudi amevimba kwa furaha. "Tunalea watoto katika mashimo yaliyochimbwa na muhanga akayaacha," akasema. "Taifa kama letu! Aibu! Leo tunahamia pangoni. Watoto waingie kwanza."

Watoto mwaka ule walikuwa wengi, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Kila mama akabeba wake mdomoni, na mashangazi wakasaidia kubeba. Palikuwa na mama mmoja, Bi Sikio. Aliitwa hivyo kwa kuwa sikio lake moja lilichanwa na nyati. Watoto wake walikuwa na njaa, na mtoto wa mbwa akiwa na njaa humlamba mama yake usoni aombe chakula. Walimlamba asubuhi yote, lamba, lamba, lamba, mpaka udongo wa puani ukatoka wote. Na askari walikuwa na haraka ya kuhama. Hawakumgusa pua.

Wakafika mlangoni pa pango. Mkiamweupe akapanda juu ya jiwe. Jua lilikuwa kali. Akina mama wakajipanga.

Bi Sikio akavuta pumzi. Simba! Simba jike, na si harufu ya jana, ya sasa hivi, yumo humo ndani.

Jamani, afanye nini? Akinyamaza, watoto wote wanaingia kinywani mwa simba. Akipiga chafya, anavushwa korongo, na wanawe wachanga watanyonya nini? Moyo unampiga, ndu! ndu! ndu! Mama wa mbele ameshainua mguu. Bi Sikio akamweka mtoto chini katikati ya miguu yake.

Chyaaa!

Mbwa wote walisimama kama wamepigwa na radi. Chafya! Watoto wengine walikuwa hawajaisikia tangu wazaliwe.

"Ni nani?" akanguruma Mkiamweupe.

"Ni mimi," akasema Bi Sikio. "Humu ndani mna simba."

"Simba! Haya, wengine nuseni. Nani ananusa simba?"

Mbwa wote wakanusa, fu! fu! fu! Wakanusa udongo. Kuna waliotamani kumwamini, lakini pua zao hazikuwaambia kitu. Wakatazama chini.

"Mnaona?" akasema Mkiamweupe. "Mwongo. Na pua yake mbichi! Doa, mkamate!"

Doa akaja, akasimama mbele ya Bi Sikio. Bi Sikio akamwambia kwa sauti ya chini, "Doa mwanangu, futa huo udongo. Nusa mara moja tu, kisha unichukue." Mguu wa Doa uliinuka kwenda puani. Mguu ukashuka. Aliogopa, maskini.

"Waingizeni watoto!" Mkiamweupe alitaka kusema hivyo. Akavuta pumzi ndefu, kwa kiburi, kifua kikajaa. Lakini ule udongo wake mwingi, kwa lile jua, ulikuwa umepasuka vipande vipande. Pumzi ikavuta vumbi lote ndani.

"Wai..." akasema. Jicho likalegea. "Wai... waii..." Mdomo ukabaki wazi. Askari wakatazamana. "Waiii..."

CHYAAAAA!

Udongo ukaruka, pwaa! Karibu adondoke kutoka kwenye jiwe. Na nyinyi mnacheka! Wao hawakucheka, hakuna aliyethubutu. Ila bibi mmoja mkongwe nyuma kabisa, kwa mazoea ya zamani, akaketi chini, puu! Aliyekuwa karibu naye akaketi. Mwingine akaketi. Taifa zima likaketi. Na sauti ikatoka, mwanzo ndogo, kisha kubwa.

"Chafya ya nani?"

Mkiamweupe alitaka kukana. Alishafungua mdomo akane. Lakini pua ilikuwa wazi sasa, na harufu ilimwingia mpaka kwenye ubongo. Manyoya ya mgongo yakasimama.

"Yangu," akasema.

"Ina nini?"

"Ina simba. Bi Sikio kasema kweli. Chukueni watoto mkimbie!"

Ndani ya pango, kwa zile kelele, kitu kikaamka. Ngrrrrr! Mbwa hawakungoja. Wakanyakua watoto midomoni, wakatimua, tifu! tifu! tifu! Simba jike akatoka amekasirika, akakuta vumbi tu. Walikimbia bila kugeuka mpaka kwenye mashimo yao ya zamani. Kila mama akatazama wanawe. Wako? Wako. Na wako? Wako wote! Hapo ndipo walipocheka, na kulia, na kugaagaa katika nyasi. Wakaenda mtoni wakaosha pua. Maji yakawa meupe. Udongo uliobaki ndani ukawawasha, wakapiga chafya huku na huku, chyaa! chyaa! chyaa! Hakuna aliyekuja kuwakamata. Oo, raha ya kupumua!

Mkiamweupe akasimama pembeni. "Sheria niliiweka mimi," akasema. "Mpiga chafya huvuka. Basi nivuke?"

Bi Sikio alikuwa ananyonyesha. "Kuvushana kumetosha," akasema. "Watoto wapo hai. Tulale, yaishe." Mbwa walikuwa wamechoka, wakasema, eeh, yaishe.

Chyaaa!

Wakaketi. "Chafya ya nani?"

"Yangu," akasema Doa. Machozi yanamtoka, pua imemlowa.

"Ina nini?"

"Ina ndugu yangu Mapengo. Nyinyi mtalala, na yeye yuko kule bila maji kwa ajili ya ua la nyasi! Nilimpeleka mimi. Hayajaisha. Mkiamweupe avuke, na mimi nivuke naye, tubebe nyama, tukawatafute wote tuwaombe warudi. Wasipokubali, hata sisi tusirudi."

Wengine walinung'unika. Walitaka usingizi, si kukumbushwa. Lakini walimsikiliza mpaka akamaliza, na hakuna aliyemng'ata. Kisha wakasema, "Nendeni."

Wakavuka. Nchi ikangoja, masikio yote yameelekea korongo. Mwishowe wakaonekana wakipanda ukingo, mmoja mmoja. Wote hawakurudi, wengine walikuwa wamekufa huko, na mama zao walilia sana siku ile. Lakini wengi walirudi, waliishi kwa kulamba umande na kula panzi, wamekonda, wako hai, wakapokelewa kwa kulambwa mpaka wakaanguka. Mkiamweupe alikuja wa mwisho, na tangu siku hiyo hakuongoza tena.

Mapengo akasimama mbele ya Doa.

"Lilikuwa ua tu," akasema.

"Nilijua," akasema Doa. "Nilijua siku ile ile."

Mapengo akamtazama sana. Kisha akalala kando yake, ubavu kwa ubavu, kama walipokuwa wadogo.

Na funzo ni hili, wakubwa msikie kabla ya watoto: mwenye kupinga msikilizeni mpaka mwisho, hata kama safari hii amekosea. Nchi inayowafukuza wanaosema itafika mlangoni pa simba na watoto mdomoni, na haitanusa kitu. Na anayejua kweli akanyamaza, naye ana sehemu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye neno, apige chafya, sisi tutaketi.