Oda ya Mwezi wa Kumi na Tatu

Wapendwa, kabla hatujalifungua Neno, nipeni dakika chache niwaambie habari za dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni, huko milimani kwenye baridi. Tumwite Tumpale. Ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta pale hospitalini. Mashine ya mapokezi ikigoma, anaitwa Tumpale. Daktari akisahau neno la siri, anaitwa Tumpale. Na kazi aliijua, hilo hakuna aliyebisha.

Mwaka ule hospitali ilileta programu mpya ya stoo ya dawa. Zamani dawa zikipungua, mfamasia alipiga simu bohari mjini. Sasa ikaamuliwa kompyuta ya hospitali iongee yenyewe na kompyuta ya bohari: huku itume oda, kule ipokee, gari lipakiwe. Jambo zuri, siyo? Kazi ya kuziunganisha akapewa Tumpale. Akapanga kila kitu kwa utaratibu: jina la dawa, idadi, tarehe. Akaikagua oda ya kwanza mstari kwa mstari, akaituma. Likarudi jibu la neno moja: Imekataliwa.

Akaituma tena. Imekataliwa.

Akapiga simu bohari. Akapokea mwenzake wa kule, kaka mmoja aitwaye Msigwa.

"Kaka Msigwa, mfumo wenu unakataa oda yangu."

"Oda yako haisomeki, dada."

"Mbona huku kwangu inasomeka vizuri tu? Nimeikagua mwenyewe."

"Basi huku kwangu haisomeki."

Wakaenda hivyo wiki baada ya wiki. Huyu anasema rekebisha kwako, yule anasema rekebisha kwako. Na kila asubuhi Tumpale anaituma oda ile ile, haijabadilika hata nukta, akitumaini leo itakubaliwa. Mnacheka? Nani hapa hajawahi kumrudia mwenzake kwa neno lile lile, ila kwa sauti kubwa zaidi, akidhani tatizo ni masikio?

Asubuhi moja mfamasia wa hospitali, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akasimama mlangoni. "Mwanangu, njoo uone."

Akampeleka stoo, akafungua friji. Rafu ya insulini ilikuwa karibu tupu. Chupa chache tu zilisimama kwenye kona.

"Nimewapigia bohari," mama akasema, "wanasema oda za simu wamesitisha, kila kitu kipite kwenye kompyuta. Hapo nje kuna mama mwenye kisukari, ametoka kijijini kwa miguu. Leo nitampa. Akirudi nitamwambia nini?"

Swali lile lilimuuma Tumpale, kwa sababu mpaka saa ile alidhani anagombana na Msigwa. Kumbe katikati yao alikuwa ameketi mgonjwa.

Hakurudi kwenye kompyuta yake. Aliomba nafasi kwenye gari la hospitali lililokuwa likiteremka mjini, na kabla ya mchana akawa amefika bohari.

Alijiandaa kukutana na mtu mkorofi. Akakuta kaka mpole, macho mekundu kwa uchovu, ambaye alimvutia kiti upande wake wa meza. "Kaa hapa, dada. Tazama mwenyewe oda yako inavyofika."

Tumpale akatazama. Kwenye mfumo wa bohari mwezi ndio unaotangulia, kisha siku. Yeye alikuwa ameanza na siku, kama tunavyoandika sote.

"Umeandika tarehe kumi na tatu," Msigwa akamwonyesha. "Mashine hii inasoma mwezi wa kumi na tatu. Inautafuta kwenye kalenda, haiuoni, inaitupa oda yote nje."

Tumpale akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze.

"Tena shukuru imekataa," Msigwa akaendelea. "Wewe unahesabu chupa, sisi tunahesabu maboksi. Ingepita, ungeletewa mzigo usiojua pa kuuweka, na hospitali nyingine zingekosa."

"Kaka, kwa nini hukuniambia hivi kwenye simu?"

"Sikujua wewe unaonaje kwako, na sikuuliza. Hospitali zote zinanigombeza kwa simu, dada. Wewe ndiye wa kwanza kuja kukaa hapa."

Wakafanya kazi pamoja. Tumpale akatengeneza programu ndogo ya kuigeuza oda kabla haijatoka: tarehe ipangike kwa namna ya bohari, chupa zihesabiwe kwa maboksi. Msigwa naye akaurekebisha mfumo wake, ili ukikataa oda useme imekwama wapi. Jioni ile oda ikapita. Insulini ikapangwa kwenye sanduku la barafu, ikapanda mlima pamoja na Tumpale.

Ndugu zangu, nani alikosea hapo? Kila mmoja alikuwa sahihi, kwenye meza yake.

Wewe baba, miaka yote umemwachia mkeo hela ya matumizi ukiamini anasoma: nakupenda. Una hakika ndivyo anavyosoma? Wewe mama, kila ukimwonya binti yako yeye anasikia kwamba humtaki, nawe unazidi kuonya. Sisi wazee wa kanisa tunawatangazia vijana, hawaji, tunatangaza tena vile vile. Maneno yetu tumeyakagua, tumeyaona safi. Na huku tukibishana nani ajirekebishe kwanza, yupo mtu katikati yetu anayeishiwa.

Sasa sikieni habari njema. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kusema, "Wajirekebishe wao kwanza, ndipo nitawasikia," ni Mungu. Hakusema hivyo. Alishuka, akavaa mwili, akala chakula chetu, akalia machozi kama yetu. Na kama yeye alikuja mpaka huku, sisi tunashindwaje kuvuka chumba kimoja cha nyumba yetu?

Basi leo, kabla hujarudia lile neno ulilolisema mara mia, nenda ukaketi karibu na yule mliyeshindwana. Muulize kwa upole: mwenzangu, mimi kwako nasomekaje? Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.