Gari la Nesi Gaudensia na Ufa wa Lihambe

Nawaletea kesi. Imewashinda watu wazima wa Lihambe, nami nimeibeba hadi hapa mnisaidie kuihukumu. Sikilizeni mpaka mwisho, maana ukiwahi kuchagua upande utajikuta unabadili mawazo mara tatu.

Lihambe ni kijiji kilichokaa bondeni, kule Ludewa, kwenye milima inayolitazama Ziwa Nyasa. Kilikuwa na watu watatu wa kutajwa.

Wa kwanza ni Fokas Haule, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kipaji chake kilikuwa kujua kila chuma kilipolala. Ukimuuliza habari za jembe lililovunjika miaka kumi iliyopita, alikuambia liko nyuma ya choo cha nani.

Wa pili ni Winfrida Nkwera, fundi wa mashine za kusaga. Kipaji chake kilikuwa masikio. Alisimama nje ya mlango wa mashine inayounguruma, akakuambia ni beringi gani inayokufa na itakufa lini.

Wa tatu ni Otmari Mgaya, dereva. Kipaji chake, mnisamehe, kilikuwa kwenye makalio. Ndivyo alivyosema mwenyewe: aliuhisi utelezi kwenye kiti kabla tairi halijateleza. Lakini Otmari alikuwa ameacha kuendesha. Mwaka uliotangulia, pikapu ya wanunuzi wa mbao aliyokuwa akiiendesha ilitumbukia korongoni. Yeye alirushwa nje. Utingo wake, Sabinusi, hakutoka hai. Tangu siku hiyo Otmari hata akipakiwa kwenye pikipiki alifumba macho.

Basi masika hayo mvua ilinyesha siku kumi na tisa mfululizo. Daraja la kwenda wilayani likasombwa. Siku ya ishirini, mama mmoja aliyepanda kuchuma majani ya maboga juu ya kijiji alikuta ardhi imepasuka, ufa mrefu kutoka shamba moja hadi la tatu. Ulikuwa mwembamba, kidole kinaingia. Kesho yake kiganja kiliingia. Siku iliyofuata mbuzi alitumbukiza mguu ukavunjika, na watu walioweka sikio sakafuni walisikia udongo unanguruma chini kwa chini.

Mwenyekiti wa kijiji aliamuru watu wote wapande shuleni, kwa kuwa shule imejengwa juu ya mwamba. Wenye miguu walipanda wakishikana mikono. Wakabaki kumi na mmoja wasioweza kutembea: vikongwe, wagonjwa, na mama mmoja aliyepasuliwa wiki moja kabla akijifungua. Walianza kuwabeba kwa machela. Machela ya kwanza haikufika nusu ya mlima. Wabebaji waliteleza, mzee aliyebebwa akabingirika mpaka chini, na hakuamka tena. Baada ya hapo ukimwomba mtu ashike machela, alirudi nyuma.

Gari lilikuwepo moja, la Nesi Gaudensia, muuguzi mstaafu aliyeachiwa gari hilo na marehemu mumewe. Gari pana, limeinuka juu, mgeni angedhani linapanda hata ukuta. Kumbe lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Gaudensia alijaribu mlima wa shule. Lilikwenda hatua ishirini, likaanza kusaga tope, kisha likarudi kinyumenyume lenyewe, breki zimeshikwa, naye anapiga kelele. Miongoni mwa wale kumi waliosalia, mmoja alikuwa mama yake mzazi, Bibi Osmunda.

Winfrida alilala chini ya gari lile, akatoka na tope mgongoni.

"Nesi, mwili huu ulitengenezwa uweze kuvutwa na magurudumu yote manne. Matundu ya bolti za mbele yapo, yamezibwa tu. Kinachokosekana ni difu ya mbele, yale meno yanayozungusha magurudumu, na shafti zake, propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu, na giaboksi yenye transfa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma."

"Sasa vitu hivyo mwanangu nitavitoa wapi, na daraja halipo?"

Wote walimgeukia Fokas. Fokas akamtazama Otmari, kisha akainamisha kichwa.

"Viko korongoni," alisema taratibu. "Ile pikapu. Ni aina moja na gari hili."

Otmari aliondoka pale bila kuaga.

Fokas alishuka korongoni kwa kamba za kukokotea magogo. Pikapu haikuwa imefika chini. Ilikuwa imenasa kwenye miti miwili, pua ikitazama mtoni, na kila upepo ulipovuma ilitoa mlio. Ilimbidi aingie chini yake. Alinisimulia kwamba alifungua bolti ya kwanza huku akihesabu kwa sauti, ili asiusikie mti ukilalamika. Ndani ya gari bado kulikuwa na kandambili moja ya Sabinusi. Aliikuta, akaiacha. Kwa siku mbili alishuka mara mbili, na watu ishirini wakavuta giaboksi, propela, difu ya mbele na shafti zake.

Winfrida alipovipokea hakuanza kufunga. Alipaka chaki kwenye gurudumu, akalizungusha, akahesabu propela inazunguka mara ngapi. Akafanya hivyo kwa difu ya mbele, kisha kwa ya nyuma iliyokuwa kwenye gari la Nesi. Akarudia. Uso ulimbadilika.

"Kaka Fokas, meno hayalingani. Hii ya mbele inataka mizunguko minne na nusu, ya nyuma haifiki hata minne. Nikizifunga pamoja zitagombana. Kwenye tope zitavumiliana, lakini pale kwenye mwamba katikati ya mlima kitu kitakatika, na gari limejaa watu."

"Unataka kusema nini, dada?"

"Nataka difu ya nyuma ya pikapu."

Fokas alikaa chini palepale kwenye tope. "Ile ndiyo iliyoshikiliwa na mti," alisema. "Nikiitoa hiyo, pikapu inaondoka."

Hakuna aliyemwambia nenda, na hakuna aliyemwambia usiende. Ufa wakati huo ulikuwa unameza mguu wa mtu mzima. Fokas akafunga kamba kiunoni mara ya tatu. Difu ilitoka. Pikapu nayo ikaondoka, na ilipopita ilimbana mkono wa kushoto kwenye shina la mti. Walipomvuta juu, vidole viwili havikuwepo. Gaudensia alimfunga jeraha kwa kanga yake huku akilia kuliko mwenye jeraha.

Winfrida alifanya kazi siku mbili chini ya gari lililoegeshwa juu ya magogo, kwenye uwanja wa mashine. Alichomelea kishikizo kimoja kwa umeme wa jenereta, vingine akavibana kwa bolti. Adhuhuri ya siku ya pili ardhi ilitikisika. Magogo yalicheza. Waliokuwa wakimpa spana walikimbia wote, na Winfrida naye alitambaa akatoka, akakimbia hadi kwenye kona ya kanisa. Pale alisimama, akihema. Bolti sita za propela zilikuwa bado, na kila mtu alijua hakuna mwingine wa kuzifunga. Alirudi. Aliingia tena chini ya lile gari lililokuwa limeinama upande mmoja, akafunga zote sita, na alipotoka nguo yake ilikuwa imeloa, si kwa mvua.

Gari likawa tayari. Dereva hakuna. Gaudensia aliujua mlima ule ungemshinda.

Walimkuta Otmari shuleni, amejikunyata nyuma ya madawati.

"Mnataka niendeshe na vyuma vya pikapu ile?" aliuliza. "Vyuma vilivyomuua Sabinusi?"

"Ndiyo," Winfrida alimjibu. "Sina namna ya kukupamba maneno, kaka Otmari."

"Siwezi."

Fokas hakumbembeleza. Alikaa karibu naye, mkono umefungwa kanga. Mwishowe Otmari aliinuka, akaenda nje, akautazama mlima, akarudi akiuliza, "Nani wa kwanza?"

Alibeba wanne. Kwenye utelezi alihisi mkia wa gari unataka kwenda korongoni, akapunguza mafuta kidogo, magurudumu ya mbele yakauma, likapanda. Kwenye mwamba vyuma vililia lakini havikukatika. Alibeba wengine wanne, na mama aliyepasuliwa alimshika bega njia nzima mpaka kucha zikaingia. Waliobaki walikuwa wawili, Bibi Osmunda na mzee kipofu. Hesabu yenu iko sawa, walikuwa kumi. Wa kumi na moja ndiye yule aliyebingirika.

Aliposhuka mara ya tatu aliona mlango wa kanisa umeachana na ukuta wake. Migomba ilikuwa inatembea. Naam, migomba ilikuwa imesimama wima, inashuka pole pole kama watu wanaotoka misani. Mwenyekiti, aliyekuwa juu, alimpungia arudi. Kurudi kulikuwa rahisi, gari lilikuwa tupu, na hakuna ambaye angemlaumu. Otmari aliendelea kuteremka. Alimbeba Bibi Osmunda mikononi, akamsukumiza mzee ndani, akageuza gari. Katikati ya mlima walisikia kishindo nyuma yao, na kioo cha nyuma kikawa cheusi kwa udongo. Hakutazama. Alikuwa akimwita Sabinusi kwa sauti, anamwambia akae vizuri, ashikilie.

Walifika. Lihambe haikuwepo tena. Kanisa, mashine ya kusaga, nyumba zote, vilikuwa chini ya udongo wa mlima. Na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ndani yake.

Sasa kesi ndiyo hii. Serikali iliwapangia watu makazi mapya sehemu mbalimbali. Fokas alipangiwa kusini, Winfrida karibu na mjini, Otmari kwa ndugu zake ng'ambo ya mto. Gaudensia alikuwa anamchukua mama yake kwenda kwa mwanawe Njombe, akatangaza mbele ya watu wote, "Gari hili silichukui. Namwachia aliyemwokoa mama yangu. Mmoja. Msilikate vipande, mmenisikia?"

Watu wakagawanyika hapohapo.

"La Fokas!" walisema wengine. "Alishuka mara tatu pasipokaa hata nyani, akaacha vidole vyake kule. Bila vyuma, Winfrida angefunga nini?"

"Na vyuma visivyolingana meno vingewaua wote mlimani," wengine walijibu. "Nani aliyehesabu meno? Nani aliyerudi chini ya gari wakati nyinyi mmekimbia?"

"Mnalisahau gari lililosimama bila dereva," walisema wa tatu. "Fokas na Winfrida walikuwa wanaogopa kufa. Otmari alikuwa anaogopa kuua tena. Hofu ipi ni nzito?"

Wenyewe watatu hawakudai. Fokas alisema apewe Winfrida, Winfrida akasema apewe Otmari, Otmari akasema yeye hataki kuligusa tena, kisha akasema labda.

Wakamuuliza Bibi Osmunda, kwa kuwa ndiye aliyeokolewa.

"Wajukuu zangu," alisema, "mimi nilifumba macho tangu ufa ulipotokea. Waulizeni walioona."

Walioona wameshindwa. Gaudensia anasafiri Jumamosi, na ufunguo bado uko mfukoni mwake. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayetikisa kichwa kule nyuma, ungekuwa ni wewe, ungeuweka kwenye kiganja cha nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini?