Daftari la Kamba ya Nguo

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake haihitaji miwani. Kitu chenye ubora hakina haja ya kupigiwa debe, kwani wenye macho watakiona. Ni kile kibovu kinachozungushwa mlango kwa mlango huku kikisifiwa na mwenyewe. Sote tunaikubali methali hii kwa midomo. Lakini ngoja mgeni mkubwa apige hodi, ututazame tunavyokimbia kuficha mazuri yetu na kupanga sebuleni ya kuazima! Gráinne Feerick, mwanamke ninayemheshimu kuliko wengi katika Kaunti ya Sligo, alifanya kosa hilo hilo, na nusura limponze binti yake.

Gráinne na mumewe Malachy walifuga kondoo chini ya mlima wa Knocknashee. Walijaliwa watoto watatu: Fintan wa miaka kumi na miwili, Dervla wa tisa, na Colm wa mitano. Wote watatu walisomea nyumbani, na mwalimu wao alikuwa mama yao. Chanzo cha yote kilikuwa Dervla. Shuleni alikokuwa hakuna aliyemtendea ubaya, ila herufi zilimkataa katakata. Kila aliposimamishwa asome mbele ya wenzake, sauti ilimkauka, na kila Jumatatu asubuhi alitapika uji wake. Gráinne alivumilia mwaka mzima na nusu. Kisha siku moja alimvua mtoto sare, akamshika mashavu, akamwambia, "Hurudi tena kule. Nakuahidi."

Wengi walidhani atashindwa. Watoto watatu, kondoo mia na arobaini, mume anayeingia na matope hadi kwenye nyusi, na bado afundishe? Mama mkwe wake, Bibi Attracta, aliyekaa nyumba ya pili kutoka hapo na kuja kila siku kuhakikisha kwamba mambo yanaharibika, alimwambia wazi wazi.

"Njia mbili zilimshinda fisi, Gráinne. Sembuse wewe."

"Fisi alikuwa peke yake, mama," Gráinne akamjibu huku anakanda unga. "Sisi tuko watano."

Na kweli walikuwa watano. Gráinne hakugawa siku kuwa saa za masomo na saa za kazi, maana angefanya hivyo angekufa kabla ya Pasaka. Alivifunga pamoja kama mtu anayefunga kuni. Hesabu za sehemu zilifundishwa kwenye mkate wa magadi: robo kilo ya unga huu, nusu ya ule, na atakayekosea atakula kosa lake. Fintan alipiga hesabu za dawa ya minyoo kwa uzito wa kila kondoo, na baba yake hakugusa sindano kabla ya kuona hesabu hizo. Historia ilisimuliwa wakati wa kumenya viazi. Colm alikuwa waziri wa mayai.

Dervla alipewa kamba ya nguo. Kwetu Sligo nguo haikauki hivi hivi. Sharti uiibie mvua. Basi mama yake alimpa daftari kuukuu, akamwambia aandike kila siku ameanika saa ngapi, upepo umetoka wapi, kichwa cha mlima kilikuwaje, kitupu au kimevaa kofia ya mawingu, na mvua imefika dakika gani. Mwanzoni Dervla alichora tu picha. Baadaye likaja neno moja, kisha matatu, kisha sentensi nzima zenye makosa ya kuchekesha. Hakuna aliyemsimamisha wala kumkazia macho. Kulikuwa na soksi za kuokoa, basi. Baada ya miaka miwili daftari lilikuwa limejaa alama za mayai na siagi, na yule mtoto aliyekataliwa na herufi alikuwa anasoma kila kitu, hata gazeti. Gazeti alilisoma hasa ili agombane na ukurasa wa hali ya hewa.

Ndipo barua ilipokuja. Mkaguzi wa serikali angefika Alhamisi, saa nne asubuhi, kuona kama watoto wanapata elimu ipasavyo. Akiridhika, majina yao yangeandikwa katika orodha ya wanaosomea nyumbani. Asiporidhika, wote watatu wangepelekwa shule.

Gráinne, ambaye hakuogopa kondoo dume wala mama mkwe, aliisoma barua ile mara tatu. Aliiwaza ile ahadi yake. Na hofu ilipoingia, akili ilitoka kwa mlango wa nyuma.

Bibi Attracta ndiye aliyeshika usukani. "Mgeni wa serikali! Na nyumba hii haijaguswa rangi tangu ilipopokea Misa!" Kwa watu wetu zamu ya nyumba kupokea Misa ya majirani ikifika, hata banda la kuku hupakwa chokaa. Mkaguzi naye akapewa heshima hiyo hiyo ya Misa. Malachy alitumwa kupaka geti rangi ya kijani. Fintan alisugua sakafu hadi magoti yakawaka. Gráinne aliazima kutoka ukumbi wa parokia madawati matatu, ubao mweusi na kengele ya shaba, akavipanga sebuleni mstari mmoja. Akanunua madaftari mapya, na kwa siku tatu watoto walinakili kazi zao za zamani kwa mwandiko safi. Katika siku hizo tatu, nasema bila kumung'unya, hakuna aliyejifunza kitu chochote katika nyumba ile.

Asubuhi ya Alhamisi nguo zilizokuwa mbichi zilishindiliwa kwenye kabati la joto, lile linalozunguka tangi la maji moto. Sufuria ya mkate ikafuata, na gambuti pia. Dervla alikuja na daftari lake kifuani.

"Na hili, mama?"

"Hilo lina mayai, mpenzi wangu. Liweke kabatini."

Dervla alilitazama, akayatazama madawati. "Haya ni kama yale ya shule," akasema taratibu. Alikwenda akaliweka daftari kabatini. Uji wake hakuugusa, na mama yake, aliyekuwa anatafuta chaki, hakuona.

Saa nne kamili mkaguzi, Bi Concepta Tuohy, aliingia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye viatu vya kutembelea mashambani, na mkono mmoja wa koti lake ulikuwa na mstari mpana wa kijani.

"Geti lenu ni karimu," alisema. "Limenikumbatia."

Malachy alitamani ardhi ipasuke. Bibi Attracta alitazama dari.

Kengele ikapigwa. Watoto wakaketi kwenye madawati, migongo imenyooka kama mishumaa. Bi Tuohy aliyapekua madaftari mapya ukurasa baada ya ukurasa, kisha akamwambia Dervla kwa upole, "Nisomee hapa kidogo, binti."

Dervla alisimama. Kitabu kilikuwa kipya, dawati lilikuwa lile lile la jinamizi lake, na watu sita walikuwa wanamkodolea macho. Alifungua kinywa. Sauti haikutoka.

"Anajua," Gráinne akadakia. "Anajua sana, Mwalimu. Jana tu amesoma kurasa nne! Ni mwepisi ajabu, ni aibu tu hii, ana akili kama..."

"Nimesikia, Bi Feerick," Bi Tuohy alisema, na akaandika kitu. Kadiri Gráinne alivyomsifu mtoto, ndivyo kalamu ilivyoandika. Mtoto aliketi, macho yamemjaa machozi. Gráinne aliiona midomo ile iliyokauka, midomo ya Jumatatu asubuhi, na moyo wake ukauma. Mimi ndiye niliyemrudisha shule, alijiambia. Nimemrudisha kwa mikono yangu, tena sebuleni kwangu.

Dervla aligeuza uso wake dirishani ili asionekane akilia. Halafu mabega yake yakabadilika.

"Mama," alisema. "Knocknashee amevaa kofia."

"Nyamaza, Dervla."

"Hadi masikioni, mama. Na upepo unatoka upande wa Ballina. Dakika ishirini."

Bi Tuohy aliinua kichwa. "Dakika ishirini za nini?"

"Mvua ifike."

"Mvua gani? Redio imesema leo kukavu." Kisha uso wake ukabadilika, maana hata mkaguzi ni mtu wa Sligo. "Nimeanika mashuka yangu yote asubuhi hii."

Dervla alimgeukia mzima mzima, na dawati likasahauliwa. "Unakaa wapi, Mwalimu?"

"Ng'ambo ya daraja. Maili nane hivi."

"Kwako itafika baada ya hapa. Kama dakika hamsini kuanzia sasa. Una mtu nyumbani?"

"Nina dada yangu, Bernie."

"Mpigie."

Gráinne alitaka kumkemea, lakini Bi Tuohy alikuwa ameshatoa gazeti mkobani. "Subiri, mtaalamu. Gazeti la leo hili hapa. Linasemaje?"

Dervla alilipokea kama mtu anayepokea hasimu wake wa kila siku. Akalisoma kwa sauti, harakaharaka, kwa dharau. "'Kaunti za kaskazini-magharibi zitakuwa kavu mchana kutwa, jua likichomoza mara kwa mara na upepo mwanana.' Mwanana! Mwalimu, hawa watu wanakaa Dublin. Wanachungulia dirisha la nani?"

Gráinne alijiziba kinywa kwa aproni. Mtoto amesoma! Amesoma mbele ya watu, amesimama wima, wala hajui kwamba amesoma.

"Na wewe umejuaje kuliko wao?" Bi Tuohy aliuliza, sauti yake imeshuka.

"Imeandikwa kwenye daftari langu. Ngoja."

"Dervla, usifungue hilo ka..." Gráinne alianza. Mtoto alikuwa ameshalifungua. Kabati lilitapika kila lilichomeza: soksi, taulo, sufuria ya mkate, na juu ya yote suruali ndefu za ndani za Malachy, zilizotua kwenye viatu vya mkaguzi.

"Mama Maria!" Bibi Attracta akapiga ishara ya msalaba.

Bi Tuohy aliziokota kwa vidole viwili, akazipapasa. "Hizi bado mbichi," alisema, akampa mwenyewe. Malachy alizipokea akiwa mwekundu kama kishungi cha jogoo.

Dervla aliibuka na daftari lake, akaketi sakafuni katikati ya taulo, akaanza kusoma. Alisoma siku ya Machi ambapo upepo ulizunguka mara tatu. Alisoma siku mlima ulipomdanganya, na sababu aliyoigundua baada ya wiki mbili. Fintan alishindwa kuvumilia, akatoka dawatini kuonyesha alivyompigia dada yake hesabu: mara tisa kati ya kumi, kofia ya masikioni na upepo wa Ballina huleta mvua. Colm naye alileta trei lake la mayai, ingawa hakuna aliyemuita, akayahesabu mbele ya mgeni wawili wawili hadi ishirini na nne. Bi Tuohy alikuwa amevua koti, ameketi juu ya gambuti la mtu, na alikuwa anauliza maswali kama mtu mwenye njaa.

Katikati ya hayo aliinua simu. "Bernie, anua mashuka."

Sauti ya Bernie ilisikika hadi jikoni. "Una wazimu? Jua linapasua vichwa huku!"

"Yaanue tu."

"Nani kakuambia?"

"Mtaalamu," alisema Bi Tuohy, akakata.

Wote wakatazama saa ya ukutani. Dakika ya kumi na tano ikapita, jua linawaka. Ya kumi na nane, Bibi Attracta akaguna. Dakika ya kumi na tisa tone la kwanza liligonga kioo, na kabla mtu hajasema neno mvua ilikuwa inalichapa bati la banda la kuku. Colm alishangilia kana kwamba yeye ndiye aliyeileta.

Chai ilinywewa jikoni, kwa mkate wa magadi uliotolewa kabatini. Nusu saa baadaye simu ililia. Bernie hakusalimia. "Concepta! Yamefika kapuni, na mbingu zikafunguka nyuma yangu! Huyo mtaalamu ameoa?"

Walicheka hadi Malachy akapaliwa na chai. Bi Tuohy alipofuta machozi alilifungua daftari lake la kazi, akamwonyesha Gráinne mstari aliouandika mwanzoni: *Sijaona dalili kwamba mtoto huyu anasoma.* Akaukata kwa kalamu, mara mbili.

"Madawati haya ni ya nani?" akauliza.

"Ya parokia, Mwalimu."

"Yarudishe leo. Umeitembeza mbele yangu shule ambayo si yenu, mwanangu, ukaificha yenu kabatini chini ya suruali za mumeo. Ningeondoka saa nne na nusu, ningewapeleka shule wote watatu." Akapiga muhuri kwenye karatasi. "Sasa majina yote yanaingia."

Dervla aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo sirudi?"

"Hurudi. Labda wakikuita ukawafundishe."

Dervla alimtazama mama yake, kisha akaomba bakuli la uji, ingawa ilikuwa karibu saa sita, akala lote na kuomba lingine. Gráinne alilijaza huku machozi yanamtiririka waziwazi, wala hakuyafuta.

Bi Tuohy alipoondoka, Bibi Attracta alibaki mlangoni akitazama mvua, mikono kiunoni. "Nilisema tangu mwanzo," alitangaza, "madawati yale hayakuwa na maana."

"Ulisema, mama," Gráinne akajibu, akainama kuokota soksi. Lile daftari lenye alama za mayai aliliweka juu ya meza ya sebuleni, mahali ambapo mgeni yeyote angeliona. Wahenga hawakukosea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.